Watunzaji wa Habari za Mji

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kumbukumbu za mji zilitunzwa majumbani kabla hazijatunzwa maktabani. Pate, Siyu, Amu (Lamu), Mvita (Mombasa) na Unguja, kila mmoja ulikuwa na watu wake wa kazi hiyo: mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye kasha la miswada, mzee aliyeshika nasaba za koo, bibi aliyeghani utenzi mzima bila kushika karatasi. Wengi wao hawakuwa na cheo wala ujira. Waliona kitu kinapotea mbele ya macho yao, wakajitwika kukizuia.

Kwa asiyeijua, kazi hiyo huonekana nyepesi. Hudhaniwa kwamba kuhifadhi ni kuandika, na kwamba kilichoandikwa kimekwisha kupona. Miswada ya Kiswahili yenyewe inakanusha dhana hiyo. Karatasi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu anayejua kilichoandikwa kinasema nini, na aliye tayari kukaa na mwenzake akamweleza, hata ikiwa ni mara ya kumi.

Sababu ya kwanza imo katika hati. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zilitengenezwa kwa lugha yenye sauti nyingine. Kiarabu sanifu hakina p, v, g wala ch, na irabu zake ni tatu, ilhali za Kiswahili ni tano. Waandishi wa zamani waliitumia be kwa b, kwa p na hata kwa mb. Kasra ilisimama mahali pa i na pa e, dhumma mahali pa u na pa o, na m au n inayotangulia konsonanti nyingine mara nyingi haikuandikwa kabisa. Hivyo maneno bibi, pipi na pembe yangeweza kuandikwa kwa umbo moja. Msomaji huchagua kwa kuijua lugha, kwa kufuata vina na mizani, na kwa kukumbuka alivyousikia utungo ukighaniwa. Aliyejifunza herufi peke yake hukwama ubeti wa kwanza.

Karatasi nayo haidumu pwani. Unyevu wa bahari na mchwa huimaliza, na utungo ulidumu kwa kunakiliwa upya, kizazi baada ya kizazi. Ufundi huo ulikuwa na taratibu zake. Mnakili alichonga kalamu ya utete, akatayarisha wino, akapima mistari. Chini ya ukurasa aliandika neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanguka ziweze kupangwa tena. Mwisho wa kazi mara nyingi aliweka jina lake na tarehe ya Hijria, akamwomba msomaji dua. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Anayeutazama ukurasa mmoja wa misahafu hiyo anaona saa nyingi za mtu aliyeinama bila haraka.

Kitabu kikiungua, hubaki kifua cha mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Habari za Pate, tarehe ya watawala wa ukoo wa Nabahani. Inasimuliwa kwamba kitabu chenyewe kiliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Habari hizo ziliokoka kwa sababu Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhany, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa amezishika, naye alieleza kwamba alizipokea kwa babu yake. C. H. Stigand alizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913 katika kitabu chake The Land of Zinj, na Alice Werner akafuata na chapa yake muda mfupi baadaye. Nakala zilizotoka kwa mzee huyo hazilingani, hasa kuhusu watawala wa mwanzo, na Marina Tolmacheva alipoziweka pamoja katika kitabu kimoja mwaka 1993, tofauti zao zilionekana wazi. Wanahistoria wamezitilia shaka tarehe kadhaa, na wana haki. Lakini kisingekuwapo hata cha kutiliwa shaka kama Bwana Kitini angechoka kusimulia.

Mfano ulio mkubwa zaidi uko Mvita. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alikuwa mshairi wa mji huo katika siku za utawala wa Wamazrui. Aliimba vita vya Mvita na Amu, na vita vya Mvita na Sayyid Said, mtawala wa Omani. Aliimba pia mapenzi, biashara, udugu na usaliti, na akalitoa shairi likazungumzwa barazani na sokoni. Wamazrui walianguka mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye Muyaka akafariki. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa hivyo vilikuwa vikifumbwa kimoja kimoja.

Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla mtu hajayashughulikia kwa bidii. Mtu huyo alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mvita, ambaye aliyakusanya katika miaka ya 1880 akishirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Inafaa kuifikiria kazi hiyo ilivyokuwa. Shairi la Muyaka aghalabu ni jibu: limemjibu mtu fulani, kwa jambo lililotokea siku fulani, na limefumbwa ili waliokuwapo waelewe na wengine wabaki nje. Wakati wa Sikujua, waliokuwapo walikuwa wazee sana au wamekwisha kufa. Kuyapata maneno peke yake kungempa mkusanyaji mafumbo yasiyofumbuka. Ilibidi kuuliza nani alisemwa, kwa kisa gani, nani aliitika na kwa maneno yapi. Na ilibidi kumjua wa kuulizwa. Hilo mgeni asingeliweza, hata awe hodari wa lugha kiasi gani. Taylor alikuwa hodari kweli, na juhudi yake ya kuandika na kutunza haina budi kushukuriwa, ila mlango wa nyumba za Mvita ulifunguliwa na Sikujua.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor hatimaye zilifika London, katika chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mshairi huyo, chenye historia, tafsiri na maelezo. Mwanafunzi anayemsoma Muyaka leo, awe Nairobi au Dar es Salaam, anamsoma kupitia mkono wa Sikujua, na bado jina hilo mara nyingi hulikuta kwenye utangulizi au kwenye tanbihi. Hiyo ni dhuluma ndogo inayoweza kurekebishwa. Aliyekusanya tungo, akazisoma na akazieleza, anastahili kuitwa mhariri wa kwanza wa diwani hiyo.

Huko Amu, mkono uliofanya kazi kubwa kuliko yote ulikuwa wa Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na mwanamuziki. Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann wote walipata nakala za tenzi kutoka kwake. Kwa nyingi alilipwa, na malipo hayo hayapunguzi heshima yake: fedha ilinunua wino na siku za kazi, ila haikununua kumbukumbu ya tungo wala uzuri wa hati. Nakala zake zimetawanyika Ulaya, na watafiti bado wanazitegemea.

Baadaye ukaja wakati wa maktaba. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Hata hivyo miswada iliyolala maktabani ilimhitaji mjuzi vilevile. Huko London alikuwapo Sheikh Yahya Ali Omar wa Mvita (1924–2008), aliyeweza kuichukua hati iliyofifia, akaisoma, akasema ni utungo gani na ni lahaja ya wapi. Maktaba ilikuwa na karatasi. Sheikh Yahya alikuwa na Kiswahili chake.

Anayeonyesha ufundi huu kwa ukamilifu zaidi ni Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Amu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa mshairi, na ushairi ulimwingia kabla ya kalamu. Kwa miongo mingi watafiti wa ndani na wa nje walimwendea kuuliza maana ya neno la zamani, usomaji wa ubeti au mpangilio wa utenzi, naye akawaeleza. Vitabu vingi juu ya fasihi ya Waswahili vina jasho lake.

Nabhany aliona hatari ambayo waliomtangulia hawakuwa na haja ya kuiona. Kwao uliotishiwa ulikuwa utungo. Kwake ilitishiwa kazi yenyewe pamoja na maneno yake. Fundi wa vyombo anasema mkuku, taruma, hanamu, shetri, mlingoti na foromali. Anajua kukalafati, kupaka sifa mbaoni na deheni sehemu inayozama. Kila neno limeshikana na kitendo cha mkono. Chombo kisipoundwa tena, neno hukosa pa kusimama. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ukaondoka na msamiati wake mwingi.

Jibu la Nabhany lilikuwa kutunga. Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979 chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, ni utungo juu ya chombo cha kisiwa cha Amu, na umebeba maneno ya waunda vyombo na mabaharia. Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, unaufanyia mnazi vivyo hivyo, mti ambao Waswahili wameutajia kila hatua, kutoka kidaka na kitale hadi dafu, koroma na nazi, na ambao kuti lake, kumbi lake na kifuu chake vina jina na matumizi.

Uamuzi wa kutumia ushairi ulikuwa wa fundi anayejua zana zake. Katika orodha ya maneno, neno moja likidondoka hakuna anayetambua. Katika ubeti, neno likidondoka mizani huyumba, na likibadilishwa kina huvunjika, na sikio la Mswahili hushtuka papo hapo. Vina hufanya kazi ya msumari. Zaidi ya hapo, ubeti huweza kubebwa na mtoto, na baharia asiyesoma, na mama aliye jikoni. Nabhany alirudisha maneno mahali ambapo pwani imezoea kuweka vitu vyake vya thamani.

Hakuyaacha yakae kama vitu vya makumbusho. Aliamini kwamba kitu kipya kitafutiwe jina kwanza katika hazina ya lugha na lahaja zake kabla ya kukopa, na neno runinga, linalotumika sana nchini Kenya, linatajwa kuwa lake.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta za matumbawe zina sheria ya kuzilinda, na hilo ni jema. Majina ya sehemu za nyumba hizo, ya vyombo vilivyoleta boriti zake na ya watu waliozijenga, bado yanalindwa na wale wale waliokuwa wakiyalinda zamani: wazee wachache, walimu wa vyuo, na vijana wanaokubali kuketi nao.

Makasha yenye miswada bado yamo majumbani, visiwani na bara. Mwenye kasha kama hilo asilichome wala asiliuze kwa bei ya karatasi. Na amtafute anayeweza kusoma, amrekodi kwa simu akisoma na kueleza, kisha aandike tarehe, jina la mwenye kasha na jina la msomaji. Jina la aliyeeleza liwekwe mwanzo wa kazi, penye kuonekana.