Mgeni wa Audre Lorde

Nilimsoma Audre Lorde nikiwa na mfuko wa mkojo tumboni. The Cancer Journals kilitoka mwaka 1980, miaka miwili baada ya yeye kukatwa titi. Akiwa hospitalini anatembelewa na mwanamke aliyepitia hayo hayo, amemletea titi la bandia la kuziba pengo. Lorde hataki kuficha. Baadaye muuguzi anamlaumu kwamba kuja bila titi hilo kunashusha ari ya ofisi. Hasira yake hapo ni ya haki, na ndizo kurasa ninazozirudia.

Ila yule mgeni, naona, ameonewa.

Mimi nimetolewa kibofu. Mkojo sasa unapita kwenye kipande cha utumbo hadi tundu la tumboni. Siku nilipoona utando mweupe ukielea mfukoni nilidhani naoza. Mzee wa kitanda cha jirani, aliyenitangulia kwa upasuaji huo huo, alifunua shati akanionyesha mfuko wake.

"Huo ni ute wa utumbo, mwanangu. Haujui kama umehamishwa kazi."

Ndiye aliyenifundisha kumwaga mfuko kabla haujajaa, usije ukabanduka kwa uzito (nilikuwa nimeshaloa mara mbili).

Kwa Lorde kifaa ni pazia. Mimi nisipokivaa, nalowa. Hoja yake haifiki kwenye kibofu.

Na mgeni wake naye alifungua koti, akamwambia amtazame, akisie titi lipi si lake. Lorde aliona mtu anayejificha. Mimi namwona Mzee na shati lake.