Askari Pekee: Sitiari ya Vita na Sitiari ya Kikombe katika Mazungumzo ya Saratani, Karatu na Ngorongoro

Katika Kiswahili cha leo, ni nadra saratani kutajwa bila silaha. Kampeni za uchunguzi huitwa “mapambano”, ugonjwa huitwa “adui”, na tanzia husema marehemu “alipambana kishujaa”. Susan Sontag (1978) aliipinga sitiari hii akiitazama Marekani, ambako Sheria ya Taifa ya Saratani ilitiwa saini mwaka 1971. Sitiari ya Tanzania, hata hivyo, ina nasaba yake. Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Katika usemi huo askari ni umma mzima, na silaha ni shule, visima na zahanati.

Makala haya yanadai kuwa sitiari hiyo, inapohamishiwa kwenye mwili wa mgonjwa mmoja, hubadili mtenda. Kikoa chanzi kinabaki kuwa vita, lakini jeshi linatoweka na kumwacha askari pekee. Akifa, kitenzi kinachomngoja ni “kushindwa”. Kwa mgonjwa wa Karatu au Endulen, usemi huo unaficha mengi. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Kukosa nauli, malazi au vipimo vya mapema si kukosa ushujaa.

Mwaka 2011 Wilaya ya Ngorongoro ilizaa sitiari pinzani, pale maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Saratani ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyodaiwa kutibika, ingawa madai hayo hayakuthibitishwa kitabibu. Watu walikwenda “kupata kikombe”: mgonjwa alikuwa mpokeaji, si mpiganaji. Lugha hiyo ilimpumzisha aliyechoka. Lakini kwa kuwa kikombe kilifungamanishwa na imani, mlango wa lawama ulibaki wazi: asiyepona angeweza kuulizwa aliamini kiasi gani.

Kiswahili kina njia ya tatu katika unyambulishaji wake. “Ugua” huzaa “uguza”, na kitenzi hiki hudai washiriki wawili: anayeugua na anayemuuguza. Humo hamna mshindi wala mshindwa. Mna kazi ya pamoja. Methali “mficha maradhi kifo humuumbua” humtaka mgonjwa aseme. Lugha ya kuuguza humhakikishia kuwa yupo wa kumsikiliza.

Sitiari ya vita haistahili kutupwa, bali kurejeshwa kwa mwenyewe. Umma upigane vita vya bajeti, barabara na vipimo. Kando ya kitanda, mgonjwa auguzwe.