Mgeni na Mwenyeji: Kasoro ya Fasili kwa Kinyume

Mtunzi wa kamusi akilemewa na neno hukimbilia kinyume chake: mgeni huwa ni mtu asiye mwenyeji. Njia hiyo ni fupi, lakini huficha kwamba vinyume si vya namna moja. Hai na mfu hutengana kabisa. Ukikanushwa mmoja, wa pili huthibitika. Mgeni na mwenyeji sivyo walivyo. Hao ni kama muuzaji na mnunuzi: hakuna mmoja bila mwenziwe, na mtu yule yule huwa mwenyeji hapa na mgeni kwingine. Methali zimelifahamu jambo hili kuliko kamusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" humfanya mgeni kuwa dawa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" huuwekea ugeni kikomo, na kikomo chenyewe ni kazi.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet yaitia fasili hiyo mashakani. Ukoo wa Talai wa Wakipsigis, wenyeji kwa kila kipimo, ulihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Nyanza, kwa sheria ya mwaka 1934. Kampuni za Kiingereza, zilizofika na chai miaka ya ishirini tu, zilikwisha kuwa wenye ardhi (na ndani ya mwenyeji limo neno mwenye). Mchuma chai aliyetoka Kisii au Nyanza yeye alipewa kikapu bila kungojewa siku ya tatu. Wanawe walizaliwa kambini, wakafanya kazi kambini, na bado wakaitwa wageni. Ugeni wa methali hukoma kwa kazi. Huu haukukoma hata kwa kizazi.

Katika ghasia za miaka ya tisini, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya chai walipovamiwa makwao kambini, neno lililosikika Bonde la Ufa lilikuwa "madoadoa". Hapo jozi imevunjwa. Kinyume cha doa si mwenyeji bali usafi. Mgeni hukaribishwa, hupewa jembe, huaga, doa hufutwa.

Fasili ya "asiye mwenyeji" haioni tofauti hiyo, kwani nayo huanza kwa kukanusha. Afadhali ianze na safari: mgeni ni mtu aliyefika kwa mwingine. Hapo msomaji atalazimika kuuliza ni nani aliyefika kwa nani, na lini.