Shujaa Aliyechorwa kwa Maneno

Wasomaji wa The Amazing Adventures of Kavalier & Clay wamegawanyika tangu riwaya hiyo ilipotoka mwaka 2000. Kuna wanaoapa kwamba hawajawahi kushikwa na kitabu namna ile kwa kurasa zaidi ya mia sita. Na kuna wanaosema Michael Chabon ana maneno mengi mno, kwamba humsomi bila kamusi pembeni, kwamba nusu ya kwanza inakimbia na ya pili inajikokota. Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 2001 haikuwanyamazisha. Mimi ni wa kundi la kwanza, lakini hawa wa pili nawasikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu wanacholalamikia ndicho hasa kilichonifanya nikirudie kitabu hiki.

Kisa kinaanzia Prague na New York, mwaka 1939. Joe Kavalier, kijana wa Kiyahudi aliyetoroka Prague chini ya Wajerumani, anatua Brooklyn nyumbani kwa binamu yake, Sammy Klayman. Sammy miguu yake imedhoofishwa na polio, ila kichwa chake hakiishiwi hadithi. Mmoja mkono wake ni wa kuchora, mwenzake mdomo wake ni wa kusimulia. Superman alikuwa ameingia sokoni mwaka uliotangulia, na wachapishaji wa New York kila mmoja alitaka Superman wake. Vijana hawa wanamtunga Escapist, bingwa wa kujinasua, ambaye kazi yake ni kuwafungua waliofungwa. Jalada la kwanza linamwonyesha akimtwanga Hitler ngumi ya taya.

Escapist hajawahi kuwepo, wala Joe na Sammy. Lakini mifupa ya hadithi ni ya kweli. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, na wenye kampuni wakatajirika. Joe Simon na Jack Kirby walimchora Captain America akimpiga Hitler kwenye jalada la toleo la Machi 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Chabon alizungumza na wakongwe wa kazi hiyo, akiwemo Will Eisner, na katika maelezo yake mwishoni mwa kitabu anakiri deni kubwa kwa Kirby. Halafu akafanya kitu ambacho mwandishi mwenye haraka asingekifanya: akaketi kueleza kazi yenyewe inavyofanywa.

Na hapo pana ugumu. Msomaji aliyekua akimfuatilia Lodi Lofa kwenye gazeti la SANI anajua kwamba ukurasa wa katuni unauona wote kwa mpigo mmoja kabla hujasoma kiputo cha kwanza. Jicho linaruka, linarudi, linachungulia fremu ya mwisho kabla ya zamu yake. Nathari haina ruhusa hiyo. Neno linafuata neno. Sasa utamwonyeshaje mtu michoro ya Joe Kavalier ndani ya kitabu kilichojaa maandishi?

Chukua sura ya chimbuko la Escapist. Joe na Sammy wanazunguka mitaani usiku, wakibishana juu ya shujaa wao. Uwezo wake na mavazi yake si tatizo. Sammy anachokitafuta ni sababu: kwa nini mtu huyu afanye anachokifanya? Kisha unafungua sura nyingine na ghafla uko kwenye ukumbi wa maonyesho. Kuna kijana anaitwa Tom Mayflower, mguu mbovu, anatembea kwa mkongojo. Mjomba wake, Misterioso, ndiye nyota wa jukwaa. Risasi inalia. Mjomba hawezi kuendelea, watazamaji wanangoja, na Tom anakabidhiwa ufunguo wa dhahabu. Akiwa nao, mguu unanyooka. Hujatangaziwa kwamba umeingia ndani ya katuni. Chabon haandiki kwamba kwenye fremu ya kwanza kuna hiki na kwenye ya pili kile. Anakupa hadithi kama ilivyokuwa kichwani mwa Sammy kabla haijabanwa kwenye visanduku, ikiwa bado na nafasi ya baridi, hofu na makovu ya watu. Ule mkongojo haufafanuliwi. Msomaji anakumbuka mwenyewe miguu ya aliyemtunga.

Ndiyo maana siwaelewi wanaotaka sura hiyo ipunguzwe. Ukikata maelezo yake utabaki na muhtasari wa katuni, na muhtasari wa katuni ni kitu kikavu kuliko vyote.

Uvumilivu huo unaonekana mapema zaidi, kule Prague. Joe alifunzwa kujinasua na mzee Kornblum, na mwalimu huyo ana kazi nzito: kumtoa Golem nje ya nchi, yule mtu wa udongo ambaye hekaya inasema aliumbwa na Rabi Loew katika karne ya kumi na sita. Amefichwa kwenye chumba kisicho na mlango ndani ya jengo la makazi. Utakipataje chumba hicho bila kubomoa kuta? Joe anapita mlango kwa mlango akiwaomba wapangaji waweke nyota ya Daudi madirishani. Kisha kazi inakuwa kutazama kutoka nje: dirisha lisilo na nyota ndilo la chumba kilichozibwa. Mwandishi mwingine angesema tu kwamba walikipata. Chabon anataka ushike kufuli, usikilize pini ndani yake, ujue kidole kipi kinasukuma. Joe anaondoka Prague amelala ndani ya jeneza lilelile la Golem. Akifika New York na kuambiwa achore mtu kama Superman, anamchora Golem. Bosi Anapol haoni biashara katika dude la udongo, lakini kijana kwa akili yake amejibu sawasawa alichoulizwa.

Ufundi mwingine unaowagawa watu ni tanbihi. Chabon ameweka tanbihi za kitaalamu kabisa, zikizungumzia matoleo ya zamani na bei zake mnadani, juu ya vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa. Wapo wanaoona ni mbwembwe. Wapo waliokwenda kumtafuta Escapist wakiamini wamepitwa na kipande cha historia. Hao wa pili mimi nawaonea wivu.

Kuna malalamiko mawili ninayoyakubali. La kwanza ni Rosa Saks, msanii ambaye ndiye chachu ya Luna Moth, shujaa wa kike anayeanza maisha akiwa mfanyakazi mpole wa maktaba. Rosa anaingia kwa kishindo, kisha kwa kurasa nyingi anakuwa mtu wa kungojea wanaume waamue. La pili ni sehemu ya Antaktika, Joe akiwa jeshini, kwenye kituo kilichozikwa barafuni ambako wenzake karibu wote wanakufa kwa hewa yenye sumu. Wengi husema imetoka kitabu kingine. Mimi nadhani kasoro haiko barafuni. Sehemu hiyo Joe hayuko mezani kwake, na mwandishi ameweka chini chombo anachokimudu kuliko vyote. Linganisha na zile kurasa ambapo vijana wanatoka kutazama Citizen Kane mwaka 1941. Joe anarudi kwenye karatasi na kuanza kuchora vivuli vizito, dari, nyuso zilizotazamwa kutoka chini. Escapist anasogezwa pembeni ili watu wa kawaida wa mjini wapate nafasi. Huoni mchoro hata mmoja, lakini ungeweza kueleza kwa mkono taa ilikuwa upande gani.

Mwaka 2004 kampuni ya Dark Horse ilianza kuchapisha katuni halisi za Escapist, zikachorwa na watu wenye majina makubwa. Toleo la sita lilibeba hadithi fupi ya Will Eisner, ambamo Escapist anakutana na Spirit, mhusika ambaye Eisner alimwanzisha mwaka 1940. Eisner alifariki Januari 2005, kabla toleo hilo halijatoka, na hadithi hiyo inahesabiwa kuwa kazi ya mwisho aliyoikamilisha. Nimezipitia katuni hizo kwa furaha. Nyingine ni nzuri sana. Lakini Escapist wao ana kidevu kimoja, urefu mmoja na buluu moja ya nguo, na bado namtaka yule wa Chabon.