Sanduku la Ala la Mimi na Toutou

Mwaka 1915, katika kiangazi ambapo vumbi jekundu la Katanga huingia hata katika chakula, zilipita pande hizi zetu za Likasi, zimepakiwa juu ya mabehewa ya reli itokayo Elisabethville, mashua mbili za mkangazi, kila moja urefu wake futi 40, zikielekea Ziwa Tanganyika ambako Wajerumani ndio waliokuwa mabwana wa maji. Majina yao Mimi na Toutou, na mkuu wao Geoffrey Spicer-Simson wa jeshi la majini la Uingereza. Wasimulizi aghalabu hupenda vituko vya mkuu huyo. Mimi naona heri tutazame ala zao, kwa kuwa mwenye kimashua cha kutembelea katika ziwa la Tshangalele leo anakabiliwa na swali lile lile: fundi akiwa mbali, uchukue nini?

Taksiri ya kwanza ilidhihiri kabla ya safari. Yasemekana kwamba mzinga wa Mimi ulipojaribiwa katika Mto Thames, risasi ilipata shabaha barabara, bali mzinga wenyewe na mpigaji wake wakatumbukia majini, kwa sababu bolti zake hazikukazwa sawasawa kwenye sitaha. Chombo chenye injini mbili za petroli, kila moja nguvu za farasi 100, kikaaibishwa na spana isiyozungushwa!

Reli ilikoma Fungurume, mahali pasipofika kilomita 100 kutoka hapa. Na kutoka hapo hadi Sankisia zilikuwa maili 146 za kuvuka milima ya Mitumba. Hapo ala zilizofaa kuliko zote zilikuwa shoka, msumeno, kapi na kamba: madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti iliyokatwa papo hapo, na matrekta mawili ya mvuke yaliposhindwa na mlima, maksai walifungwa nira na kamba zikapitishwa kapini. Maji ya matrekta hayo yalipopunguka, wanawake wa vijiji, ambao hakuna aliyeandika majina yao, waliyaleta vichwani kwa mitungi. Msafara ulianza kuvuka katikati ya Agosti, ukafika Sankisia tarehe 28 Septemba.

Kwa hiyo kanuni ninayoiona ni hii: beba kile ambacho pori haliwezi kukupa. Kasia likivunjika, mti upo; lakini plagi haioti, wala pini ya rafadha, ambayo hukatika rafadha igongapo kisiki, na katika ziwa la bwawa kama Tshangalele visiki si haba. Weka plagi za akiba pamoja na spana yake, nayo uijaribu ungali pwani, maana mwenye plagi nne mpya asiye na spana ya kuzifungulia atapiga kasia tu. Ongeza kichujio cha petroli, kamba ya kuwashia, pamba ya kalafati na chembeu.

Na usisahau grisi. Mafundi wa Kijerumani, walipolazimika kuizamisha meli yao Götzen katika Ziwa Tanganyika hilo hilo mwezi wa Julai 1916, waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.