Nyota za Zahanati na Mgonjwa wa Kumi na Tano

Ukitaka kujua zahanati ya Njombe inaendeshwaje mwezi wa saba, anza na jokofu la chanjo. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na linasomwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwenye baridi ya nyanda hizi haitoshi kuogopa joto kupanda: chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ndiyo maana mkaguzi mzoefu hatosheki na kipimajoto. Anasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nyuzi 4 asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja? Karatasi hiyo imejazwa jana usiku.

Mambo ya namna hii ndiyo yaliyobeba tathmini ya nyota, iliyoanza 2015 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya, ziwe za serikali, za makanisa au za watu binafsi, zilipimwa kwa dodoso moja lenye maeneo 12, kuanzia uongozi hadi usalama wa majengo, kisha zikapewa nyota sifuri hadi tano. Katika mzunguko wa 2015/16 vilipitiwa vituo karibu 7,000, na takriban theluthi moja havikuambulia hata nyota moja. Kila kituo kiliachiwa mpango wa maboresho. Wakaguzi waliporudi 2017/18, vituo visivyo na nyota vilikuwa vimebaki asilimia 4 hivi, na vyenye nyota tatu au zaidi vimefika karibu kimoja kati ya vitano. Lengo lilikuwa asilimia 80, kwa hiyo lilikosekana kwa mbali. Hata hivyo, kwa miaka miwili, hatua ile si ya kubezwa.

Nini kilipanda haraka hivyo? Nadhani ni vile vinavyopandishwa kwa uamuzi wa mganga mfawidhi na fedha kidogo: ndoo za taka zenye rangi zake, boksi la sindano linalofungwa likijaa robo tatu, maji ya kunawa, leja ya dawa, mihtasari ya vikao vya kamati ya kituo. Sisemi ni mapambo. Sindano iliyotupwa ovyo ni hatari kweli katika mkoa huu wa Njombe, ambako utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Ila mgonjwa hakuja kutazama ndoo. Amekuja kuulizwa, kupimwa na kupewa dawa inayolingana na ugonjwa wake. Hapo upimaji wa mwaka 2014, uliowapa watabibu visa vya wagonjwa wa kuigiza, ulionyesha kwamba walipatia ugonjwa katika takriban visa sita kati ya kumi.

Ugumu wa kukagua chumba cha daktari unafahamika, na walioupima vizuri walifanya kazi hapa hapa Tanzania. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, mkoani Arusha, waliwahoji wagonjwa wakitoka kutibiwa, kabla na baada ya timu ya watafiti kuingia chumbani kwa daktari. Timu ilipoingia, kazi ya daktari ilipanda ghafla. Baada ya wagonjwa 10 hadi 15 ilikuwa imerudi ilikotoka. Mkaguzi anayekaa nusu saa, basi, anaandika habari za daktari ambaye kesho hayupo.

Makambako, mkoani Njombe, jambo hili lina uzito wake. Kijijini sifa ya tabibu husambaa kisimani na kanisani. Mji ule ni njia panda: barabara ya Zambia, barabara ya Songea, stesheni ya TAZARA. Dereva wa lori anayeingia zahanati ya kando ya barabara saa nne usiku hamjui anayemtibu na huenda hatarudi tena. Hana wa kumtegemea zaidi ya mkaguzi.

Naye mwenye zahanati binafsi hakosi wageni. Halmashauri, Baraza la Famasi, bodi ya maabara binafsi, bima, zimamoto: kila mmoja na fomu yake na siku yake. Kenya walijaribu orodha moja ya ukaguzi wa pamoja katika vituo 1,348 vya Kakamega, Kilifi na Meru. Kadiri alama zilivyokuwa ndogo, ndivyo muda wa kurekebisha kabla ya kukaguliwa tena ulivyofupishwa, na asiye na leseni alifungiwa. Alama za usalama zilipanda kwa asilimia 15 hivi bila wagonjwa kutozwa zaidi. Kwa maoni yangu nguvu ilikuwa kwenye ile tarehe ya kurudi, jambo ambalo nyota zetu hazikuwa nalo kwa kiasi cha kutosha: miaka miwili kati ya ukaguzi na ukaguzi ni mingi mno kwa zahanati inayobadilisha watumishi kila mara.

Dodoso lijalo liongezewe ukurasa mmoja wa kuulizia nje ya geti, kwa mama anayetoka na mtoto mwenye kikohozi. Aliulizwa kimeanza lini? Mtoto alifunuliwa kifua, pumzi zikahesabiwa? Ameambiwa anaumwa nini? Dawa atampa mara ngapi, na arudi akiona dalili gani? Ni dakika tano kwa kila mgonjwa, na zitumike kabla mganga mfawidhi hajapata habari kwamba gari la mkoa limefika.