Spoila Imetoka? Fungua Buti Tuone

Kuna Altezza ya fedha inayosifiwa siku hizi kila inapoegeshwa. Spoila imetolewa, matundu yamezibwa, na vijana wanaizunguka wakisema huwezi kujua kama iliwahi kuwa nayo. Mimi nilijua kabla sijaifikia. Taa ndefu ya duka ilikuwa inaakisi juu ya buti. Mstari wake ulikuja umenyooka kutoka kushoto, ukafika palipokuwa na bolti ya kwanza, ukazama, ukaibuka tena. Mafundi wabovu tumekuwa nao siku zote na nimewazoea. Sifa hizi ndizo zinazoniudhi, kwa sababu kesho mwenye Chaser nzima atapelekwa kwa fundi huyohuyo.

Spoila iliyobandikwa kwa gundi peke yake haina kesi. Ipashe moto kidogo, pitisha mshipi wa kuvulia samaki kati yake na bodi, vuta huku na huku hadi gundi ikatike, kisha safisha mabaki kwa mafuta ya taa. Kitakachobaki ni kivuli cha rangi ambayo haikuonja jua. Altezza ziliundwa kati ya 1998 na 2005. Kwenye gari la umri huo, hasa jekundu, kusugua na kung'arisha hakutoshi kukifuta. Paka kifuniko kizima. Anayekata rangi katikati ya kifuniko simhesabu kuwa fundi rangi.

Kesi ni zile za bolti. Vipira vyeusi vya kuziba matundu sivikubali kwenye gari la mtu anayejiheshimu. Tundu huzibwa kwa bati, na bati huchomelewa.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hulikosa kila mara. Yeye husimama nyuma ya gari, huinama kutafuta mng'ao, hupitisha kiganja juu, basi. Fungua buti. Toa kitambaa cha ndani cha kifuniko, washa tochi, uangalie kwa chini. Kazi yote imeandikwa huko. Ukikuta puti imechungulia kwenye tundu na kuganda ikining'inia, umeshamaliza ukaguzi: juu yake hakuna bati, ni puti na rangi tu. Nimewahi kuona gazeti lililokunjwa na kushindiliwa tunduni ili puti isidondoke, herufi bado zinasomeka. Nimeona kipande cha kopo la rangi kimegandishwa kwa puti hiyohiyo, na mwenye gari ameambiwa kimechomelewa. Puti hunywa maji. Upande wa juu umefunikwa na rangi, lakini wa chini uko wazi, na unyevu wa Dar es Salaam hauhitaji mwaliko. Masika ikipita, malengelenge yanaota mahali palepale pa bolti, na fundi anasema rangi ya siku hizi ni feki.

Pale Ilala palikuwa na mzee ambaye hakukubali kupuliza rangi kabla mwenye gari hajaingiza kichwa butini na kuona. Viraka vyake alivikata kutoka kifuniko kibovu cha gari la aina hiyohiyo, ili unene ulingane. Alitoa kwanza waya wa betri. Kisha alichomelea kitone kimoja, akahamia upande wa pili wa kiraka, akasubiri hadi bati lishikike kwa kiganja ndipo akarudi. Bati hilo halifiki milimita moja. Ukilichoma mfululizo linajikunja, na kujikunja huko ndiko kunakozamisha mstari wa taa. Akimaliza alisaga, akapaka praima na rangi upande wa chini vilevile, akaziba kingo ili maji yasipate njia. Puti ya juu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba sumaku ilinasa bila kusita. Wazee wa kizazi chake walijifunzia kwenye Peugeot 504, wakiinua bati kwa nyundo na chuma cha kupokelea. Puti kwao ilikuwa ya kufuta alama za msasa. Leo kijana anafungua kopo kabla hajashika nyundo.

Na hadena ipimwe. Gramu mbili hadi tatu kwa gramu mia za puti zinatosha. Mwenye haraka huongeza ili ikauke upesi, na baada ya muda doa la njano linachomoza kwenye rangi nyeupe. Msasa upigwe juu ya kibao kirefu; vidole huchimba mifereji. Namba ya rangi isomwe kwenye kibati cha chumba cha injini, penye C/TR, isikisiwe kwa macho. Toyota ya 040 ni nyeupe tu, lakini 062 ni ya lulu na hutaka tabaka tatu. Fundi anayekuambia zote nyeupe, ondoka.

Mwisho, spoila nyingi zilibeba taa ya tatu ya breki. Waya wake haukatwi na kuachwa ukicheza ndani ya kifuniko. Hufungwa vizuri na kufichwa, na taa ihamie kioo cha nyuma. Kifuniko nacho kimekuwa chepesi, kwa hiyo vyuma vinavyokiinua, ambavyo vilipimwa kwa uzito wa spoila, vitakirusha juu kwa nguvu. Fundi anayejua kazi hupunguza mkazo wake kabla hajakukabidhi funguo. Yule wa Altezza hakupunguza: kifuniko kilipofunguliwa mbele yangu kilimpiga mwenyewe kidevuni, na kwa chini, penye tundu la kushoto, puti ilikuwa inaning'inia.